Vita vya riwayani: nani anajua nini, na lini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na waandishi wa hadithi za mfululizo wanaotaka kusimulia vita vya falme za kubuni kwa macho ya wahusika wengi. Kazi kubwa hapo ni kupanga nani anajua nini, na lini.

Chukua vita vya Blackwater katika A Clash of Kings, riwaya ya George R. R. Martin ya mwaka 1998. Davos yumo melini na washambuliaji, Tyrion anaongoza ulinzi wa mji, Sansa amefungiwa ngomeni pamoja na wanawake na vita anavisikia kwa wanaoingia kumpasha malkia habari. Sura nyingi kabla ya hapo, msomaji ameshamwona Tyrion akiwaamuru wahunzi wafue mnyororo mkubwa wa kuufunga mlango wa mto nyuma ya meli za adui. Davos anafika mlangoni mwa mto, anaona minara miwili mipya ya mawe, mmoja kila ukingo. Anaingiwa na shaka, ila meli zinazidi kuingia. Hofu yote ya sura ile inatoka hapo: msomaji ana habari ambayo Davos hana. Msimulizi mmoja ajuaye yote angelazimika kuufichua mtego mapema, au kutuficha tukajiona tumechezewa.

Tena saa hairudi nyuma. Sura ya Davos, yenye mlipuko wa moto mtoni, ikiisha, Tyrion tunamkuta juu ya ukuta, mto tayari unawaka. Waandishi wengi huharibu papo hapo: wanaurudia mlipuko uleule kwa macho ya pili, na mvutano unakufa.

Kabla ya sura ya kwanza, chora jedwali. Kila mhusika apewe safu yake, kila siku ya vita mstari wake. Andika yuko wapi, ameona nini, ameambiwa nini na nani. Weka na mwendo: jeshi la miguu lenye mizigo likienda kilomita 20 kwa siku limejitahidi. Bila jedwali, jemadari atalia msiba ambao tarishi wake bado yuko njiani. Kisha funika majina ya wasemaji, usome. Usipomtambua anayesimulia, sauti zimefanana, andika upya.

Idadi nayo ina mipaka. Katika gazeti la kila wiki, wahusika watano wakipokezana, kila mmoja anarudi baada ya wiki tano, na msomaji ameshasahau jeraha lake liko mkono gani. Watatu wanatosha. Hata Martin hadithi ilimzidi ukubwa, akawagawa wahusika kwa maeneo: Tyrion, Jon na Daenerys hawana sura zao katika kitabu cha mfululizo huohuo cha 2005, wakarudi kusimulia katika kile cha 2011.

Ombi langu kwako Mhariri: mwandishi akileta hadithi ya namna hii, mdai jedwali hilo pamoja na sehemu tatu za kwanza, kila mhusika sehemu moja, kabla hujamtengea ukurasa.

Mpenzi wa riwaya,
Morogoro