Barua kwa mwanangu aliye Chicago

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na picha uliyopiga katika theluji ukiwa kichwa wazi pia nimeiona. Unaniambia habari za kupasuka kwa mzingo wa upepo wa Ncha ya Kaskazini zisinitie hofu, kwa kuwa huko jua linawaka. Jua hilo ndilo linalonitia hofu.

Usidhani ni wewe peke yako unayesoma. Majira ya baridi Ncha hukaa miezi bila jua, na hewa ya juu, kuanzia kilomita 15 hivi hadi 50, hupoa kupita kiasi. Tofauti yake na hewa ya kusini, pamoja na mzunguko wa dunia, huzaa pete ya upepo mkali uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki, ukaizingira baridi ile isitoke; pete hiyo ndiyo mzingo wenyewe. Jana nilikuwa nakoroga maji ya kufulia, povu likakusanyika katikati ya beseni likizunguka taratibu, mpaka mdogo wako alipoligonga beseni kwa goti: povu likarefuka, likakatika vipande viwili, kimoja kikaja hadi ukingoni. Huko juu wagongaji ni mawimbi makubwa ya hewa yanayozaliwa na milima na tofauti ya joto kati ya bahari na nchi kavu. Hupanda, yakavunjika, yakaupunguza upepo kasi. Hapo hewa iliyo juu ya Ncha hushuka na kubanwa, na kwa kubanwa hupata joto, pengine nyuzi 50 kwa siku chache, jambo ambalo Richard Scherhag, mtaalamu wa hali ya hewa wa Ujerumani, aliligundua Berlin mwaka 1952.

Nilipokwambia kwamba upepo wenyewe wa mzingo huteremka mitaani ulicheka, nami nikakata simu; basi, vitabu havikuniunga mkono. Mzingo ukivurugika huko juu, mkondo wa upepo wa tabaka la chini la hewa ndio unaopindapinda, na hewa ya Aktiki, yaani ya eneo la Ncha, iliyo karibu na ardhi ikapata njia ya kusini. Lakini baridi huchukua wiki kadhaa kufika, na hilo hukunieleza. Mwaka 2019 mzingo ulipasuka mwanzoni mwa Januari. Tarehe 30 mji wako huo ulifika karibu nyuzi 31 chini ya sifuri. Mwaka 2021 ulivurugika tena Januari, na Februari mamilioni ya watu wa Texas wakakosa umeme katikati ya barafu. Si kila mvurugiko huleta baridi, nakubali, na pengine safari hii itaangukia Ulaya. Ninajivunia mtoto anayenisahihisha kwa hoja, ila hoja haifuniki masikio. Jua la leo halina habari za wiki ya tatu.

Beseni limepata ufa; mdogo wako anaapa kwamba ulikuwapo tangu zamani. Koti la baba yako nimempa msafiri anayekuja huko. Mikono yake itakuzidi kidogo, lakini lina kofia.

Mama yako