Wajukuu zangu wa gredi 9, kabla hamjanunua sanduku

Wajukuu zangu, hamjambo. Najua saa hizi kila mtu anawaimbia KJSEA, ule mtihani wa kumaliza gredi 9, ticha, mama, hata mtu wa boda anauliza umejiandaa vipi. Sawa, ule mtihani ni asilimia 60, hizo 40 zingine ni za KPSEA, ule mtihani wa gredi 6, na kazi mlizofanya gredi 7 na 8, yaani sehemu ishaenda, usiililie. Mimi nataka kuwapa habari ya kufuli.

Mwaka 1978 niliingia fomu wani, shule siitaji, na sanduku jeusi la bati, nguo ndani, blanketi ndani, ufunguo nimeuvaa shingoni kwa uzi. Usiku wa pili uzi ukakatika nikioga. Mnafikiri nilimwambia mtu? Wapi! Siku tatu nimelala bila blanketi, shati ni lile lile mpaka kola ikawa rangi ya chai, naogopa kuchekwa na wakubwa, hadi mpishi mmoja akanikuta nimekalia sanduku nalia, akaokota jiwe, akagonga mara mbili tu, likafunguka. Akaniuliza, sasa ulikuwa unangoja nani?

Nyinyi hapo JSS, gredi 7 hadi 9, mko uwanja mmoja na watoto wa praimari, ndio mabosi. Januari ukiingia gredi 10 wewe ndiye mdogo, choo hujui kiko wapi na mwalimu aliyekujua tangu nasari hayupo. Kwa hivyo zoeeni kuuliza sasa, hesabu ikikupiga chenga leo mfuate mwalimu leo leo. Na soksi fua mwenyewe, wewe kijana unayefuliwa na dadako nakuona.

Kuhusu mkondo wa masomo wa kuchagua gredi 10, jamani, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), sayansi ya jamii, sanaa na michezo, yote ni masomo, usikimbilie STEM eti jirani kasema kuchora ni kwa waliofeli (huyo jirani mwenyewe alisomea nini?). Angalia lile daftari linalojaa bila kusukumwa, halafu uliza kama shule unayoitaka inafundisha yale masomo matatu unayotaka kuchagua, maana si kila shule iko na yote, usiende na jina la shule tu.

Na mkienda dukani chagueni kufuli lenye funguo mbili, mmoja mwachie matroni.

Babu yenu