Usipime presha yako kwa mwili wa mjomba

Mwanangu Salim,

Ujumbe wako nimeusoma, nikacheka, kisha nikavaa miwani nikausoma tena. Unasema umepimwa presha huko Nairobi ukakutwa na 146 kwa 92, ukaambiwa upunguze chumvi, nawe hutaki kusikia kwa sababu mjomba wako Bakari anakula ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, tangu utotoni na presha yake haijawahi kutikisika. Ni kweli, mimi ndiye ninayempima. Ila Bakari nami tumetoka tumbo moja, tumelelewa kwa chungu kimoja, na mimi nikila papa wa chumvi usiku, asubuhi pete hainitoki kidoleni na mashine inanisuta.

Sasa nisikilize kama nesi, maana sare niliivua lakini kazi sijaisahau. Chumvi ikiingia mwilini huvuta maji, na damu huongezeka ujazo. Kazi ya kuitoa ni ya figo. Figo za Bakari huitoa upesi, na mishipa yake hulegea ikaupokea ule ujazo. Kuna figo nyingine haziachilii chumvi mpaka zisukumwe kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo presha yenyewe. Mmarekani mmoja, Lewis Dahl, alizalisha panya wa koo mbili: wote walilishwa chumvi ileile, ukoo mmoja ukapanda presha mpaka ukafa nayo, wa pili ukabaki salama. Kisha zikabadilishwa figo, na presha ikafuata figo! Panya mzima aliyewekewa figo za wale wagonjwa, naye akapanda.

Kwa binadamu haiendi kwa makundi mawili yaliyokatwa kwa kisu. Mwaka 2023 ilitoka taarifa ya watu 213 wa Chicago na Birmingham kule Marekani, wenye miaka 50 hadi 75, waliokula wiki moja chumvi nyingi na wiki moja kidogo sana. Namba ya juu ilipishana kwa kama 8 hivi kati ya wiki hizo mbili. Karibu robo tatu presha zao zilishuka walipopunguza, waliosalia wala. Bakari ni wa hao waliosalia. Wewe hujui uko wapi, na hakuna kipimo cha damu hospitalini cha kukwambia. Ninachojua ni kwamba sisi watu weusi tumo zaidi kwenye kundi linaloumizwa na chumvi, na umri ukisogea, au figo zikidhoofu, au sukari ikiingia, hali huzidi. Dada yako aliyepata presha ya mimba, huyo simwachii hata kidogo.

Halafu kuna hili la kuhamia mjini. Miaka ya themanini watafiti waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini Nyanza wakaja Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Presha za waliohama zilipanda ndani ya miezi michache tu. Mkojo wao ulionyesha chumvi imezidi na potasiamu imepungua. Potasiamu ndiyo inayosaidia figo kuitoa chumvi, nayo iko kwenye mchicha, maharagwe, ndizi, viazi vitamu, madafu. Wewe hapo unakula nini? Chipsi, mkate wa dukani, na mchuzi unaoutilia vile vidonge vya ladha kisha unaongeza chumvi juu. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kilichofutwa juu, na hapo mkate na vidonge vimeshahesabiwa.

Basi tusibishane. Nunua mashine ya mkononi, ya kufunga juu ya kiwiko, si ya kifundo cha mkono. Asubuhi, kabla ya kahawa, kaa kitako dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, na simu uiweke mbali. Pima mara mbili, andika. Fanya hivyo wiki mbili ukila unavyokula sasa, kisha wiki mbili bila vidonge vya ladha, bila chumvi ya mezani, na mboga kila siku. Nitumie namba zote, hata zile usizozipenda. Zikishuka, tumejua. Zisiposhuka, rudi kwa daktari, maana 146 haiachwi hivihivi eti kwa kuwa si ya chumvi.

Ile chumvi ya potasiamu uliyoniuliza, inayouzwa badala ya chumvi ya kawaida, usiinunue kwanza. Ni nzuri kwa wengi, lakini mwenye figo mbovu, au anayetumia baadhi ya dawa za presha, potasiamu ikimzidi moyo hupoteza mapigo yake. Kapime figo kwanza, majibu unitumie.

Na Idd ukija, ng'onda nitamroweka usiku kucha na maji nitayamwaga mara mbili. Bakari ameshaanza kunung'unika.

Mama yako
Malindi