Usiitume ile video

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe ulioandaa wa kumchangia mdogo wako nimeusoma jana usiku, na video nimeitazama. Nililia, maana nimeona unavyompenda. Lakini nakuomba usiutume kama ulivyo.

Umemrekodi akiinuka sakafuni: anapiga magoti, anashika mapaja, anajikwea kwa mikono mpaka asimame. Hiyo ndiyo dalili madaktari wanayoitafuta kwa mtoto mwenye Duchenne, huu ugonjwa wake wa kurithi unaodhoofisha misuli. Mimi niliiona akiwa na miaka 4, wakati majirani wanamsifia miguu iliyojaa, eti huyu atacheza mpira. Kumbe kule kujaa kulikuwa ni mafuta na makovu yaliyoshika nafasi ya misuli. Sasa ana miaka 11, na wenzake darasani wanashika simu za mama zao. Nilipomwuliza kuhusu video alinyamaza, halafu akasema, "Mama, si wangeweka nikicheza bao?"

Halafu umeandika tunatafuta shilingi bilioni 7 na ushei za matibabu ya jeni Marekani. Najua ulikoitoa: dawa iliyoruhusiwa kule mwaka 2023, dola milioni 3.2 kwa mgonjwa mmoja. Nami niliwahi kuiota. Nilipomwuliza daktari alinieleza bila kunificha kwamba haiponyeshi, na kwamba mwaka 2025 vijana wawili waliokwisha kuacha kutembea walifariki baada ya kuipata, ini limeshindwa. Mdogo wako bado anatembea, lakini kwa shida, na sisi hatuna hata nauli ya kufika huko. Tukiwaambia watu bilioni 7, mwenye elfu tano yake ataona haya kuitoa.

Mjomba wako, yule unayemjua kwa picha tu, aliacha kutembea akiwa na miaka 10 na alifariki na 17. Bibi yako aliuza shamba la minazi la Pangani, pesa yote ikaishia kwa waganga. Aliambiwa mtoto karogwa na wifi yake, na mpaka anakufa hawakusemeshana. Ugonjwa ulikuwa ndani ya damu yetu wenyewe, mwanangu. Bibi aliubeba bila kuugua, nami nikaubeba. Nimejilaumu sana, ingawa hakuna nilichofanya.

Kwa hiyo tuchangishe kwa vitu tunavyoweza kuvitaja. Vidonge vyake vya prednisoloni, vya kupunguza kasi ya ugonjwa, havina bei kubwa, hivyo tunavimudu. Vinavyotushinda ni kipimo cha eko, yaani picha ya moyo, kila mwaka, kwa sababu moyo nao ni msuli; vifaa vya kushikilia vifundo vya miguu usiku; mazoezi ya viungo; na kiti mwendo kilichopimwa kwa mwili wake, kisije kikampinda mgongo. Baba yako amejumlisha, imekuja milioni 3 na laki 6. Andika kila kimoja na bei yake, na kila ikiingia pesa tuseme imeingia kiasi gani na imenunua nini. Namba ya kupokelea iwe ya mjomba wako mkubwa, isiwe yako, usije ukasumbuliwa chuoni.

Katika hesabu hiyo kuna kitu ambacho wewe hukukiweka kwenye ujumbe wako: kipimo cha vinasaba, yaani jeni. Sampuli itasafirishwa nje ya nchi. Kitaonyesha jeni ya distrofini, ile inayolinda misuli, imeharibika sehemu gani, na hiyo ni miongoni mwa jeni ndefu kabisa za mwili, ndiyo maana haibahatishwi. Wakishapajua mahali penyewe kwa mdogo wako, wewe utapimwa hapo hapo kirahisi.

Nilikuwa nakwepa kukuambia. Nusu kwa nusu, huenda na wewe umebeba kama mimi. Ukiwa umebeba, kila mtoto wa kiume utakayemzaa ana nusu ya kuupata, na moyo wako mwenyewe utahitaji kuangaliwa, kama ninavyoangaliwa wangu. Najua kuna mtu unayezungumza naye. Sikuambii umwache, wala usiogope kuolewa. Nataka tu usije ukajua kama nilivyojua mimi, umekaa kwenye benchi la hospitali na mtoto wa miaka 7 mapajani.

Jumamosi ukija, usipitie kokote. Tutakwenda wote watatu kutoa damu asubuhi. Picha ya bao naituma sasa hivi. Ameichagua mwenyewe, ile anayocheka kwa kuwa amemla babu yake kete zote.

Mama yako