Setilaiti inaona kijani, mbuzi hawaoni nyasi: tufanyeje?

Ndugu Mshauri,

Tunakuandikia kutoka bonde la Mto Turkwel, Kaunti ya Turkana, kuhusu malipo ya ukame yanayoruka maeneo ya kando ya mto na kuangukia jirani. Sokoni wanasema ni wizi. Sisi tunaona mkosaji ni mathenge, ule mti Waturukana wanaouita etirae.

Mfugaji wa huku ana milango miwili ya msaada wa serikali. Mmoja ni bima ya mifugo, iliyoanza 2015 Turkana na Wajir, mwanzoni serikali ikiilipia kaya ada yote ya vipimo 5, ingawa siku hizi mfugaji huchangia sehemu: ng'ombe 1 ni kipimo 1, mbuzi 10 vilevile, ngamia ni 1.4. Mwingine ni fedha za dharura zinazoongezwa juu ya HSNP, mpango wa serikali wa kuzipa kaya maskini fedha, ukame ukiwa mkali. Yote miwili inategemea jicho moja, setilaiti inayopima ukijani wa ardhi. Jicho likikosea, milango yote inafungwa siku hiyohiyo.

Watu bado wanapiga picha za mizoga na kumpelekea wakala wa bima. Ni kazi bure. Bima hii hailipii kifo, inalipia uhaba wa malisho ili mtu anunue chakula cha mifugo na maji kabla mnyama hajaanguka. Hakuna anayekuja kuhesabu mafuvu.

Angalia hesabu ya VCI, kipimo cha hali ya mimea wanachotumia NDMA, mamlaka ya taifa ya ukame. Huchukuliwa ukijani wa sasa, ukatolewa ule wa chini kabisa uliowahi kuonekana hapo wakati kama huo wa mwaka, kisha jibu hugawanywa kwa tofauti ya chini na juu, mara 100. Chini ya 20 ni ukame mkali. Kupita 35 ni kawaida. Tuseme ukijani wa chini kabisa wa eneo ni 0.20 na wa juu kabisa ni 0.50. Nyasi zikiisha ukijani ukabaki 0.24, jibu ni 13. Sasa weka mathenge wenye 0.45 kwenye theluthi moja ya eneo hilo: wastani unapanda hadi 0.31, jibu linakuwa 37. Kwenye karatasi hakuna ukame! Bima ina hesabu yake tofauti, lakini nayo hutegemea ukijani uleule wa setilaiti. Na kwa kuwa mti umeenea mwaka hadi mwaka huku kumbukumbu za kulinganishia zikianzia ulipokuwa haba, kosa linazidi kukua.

Mizizi yake hufuata maji ya chini, kwa hiyo hubaki kijani hata mvua ikikosa. Majani mifugo haiyataki. Maganda mbuzi hula, ila sukari yake inaozesha meno. Wafugaji wa Baringo walishampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani kuwa kielelezo.

Tumefikiria kuchagua sehemu 10 nje ya vichaka na kuzipiga picha kila baada ya siku 10 kwa simu inayoandika tarehe na mahali picha ilipopigwa, kisha kuziambatanisha na taarifa ya kila mwezi ya NDMA ya kaunti. Taarifa hiyo hueleza pia hali ya miili ya mifugo, umbali wa kwenda majini na bei ya mbuzi ikilinganishwa na mahindi. Hivyo vikizidi kuwa vibaya huku VCI ikisoma kawaida, pengo linaonekana wazi.

Tunaomba ushauri. Ombi la kuondoa vipande vya mathenge kwenye hesabu (picha hugawa ardhi kwa mita 250 kwa 250, kwa hiyo ukanda wa mto unaweza kukatwa) lipelekwe wapi kwanza: kwa kampuni ya bima, idara ya mifugo ya kaunti, au NDMA? Je, linaweza kukubaliwa mkataba ukiwa umeshatiwa saini, au lazima tungoje msimu ujao? Na mwenye mbuzi 15 tu, wakati huo, alipe sehemu yake ya ada tena, au auze 3 mapema wakiwa bado na mwili anunue chakula cha waliobaki?

Wafugaji wa Turkwel