Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mradi Wetu Kwenda Mamlaka ya Maji ya Mji

Ndugu wanachama,

Kazi ya mwaka huu imekuwa moja: kuutoa mradi wa maji mikononi mwa jumuiya yetu ya watumia maji na kuukabidhi kwa mamlaka ya maji ya mji. Wapo wanaouliza mbona halmashauri haikutusemea. Sheria Na. 5 ya 2019 iliyahamisha maji ya vijijini kutoka kwa wahandisi wa halmashauri kwenda RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, kuanzia Julai mwaka ule, na jumuiya kama yetu zikawa chini yake. Mezani tulikaa sisi, RUWASA na mamlaka. Halmashauri tuliihitaji kwa suala la ardhi ya chanzo.

Mabomba hayakuleta ubishi. Ubishi uko kwenye dira, yaani mita za maji za wateja. Kila dira isomwe siku ileile ya makabidhiano, na wasomaji wawili, mmoja wetu na mmoja wao, mteja akishuhudia na kutia saini. Tuseme ankara yetu ya mwisho iliishia 405 na siku hiyo dira inasoma 412. Uniti hizo 7, yaani lita 7,000 au ndoo 350 za lita 20, tunazidai sisi; zinazofuata ni zao. Namba hiyo isipoandikwa, mteja hudaiwa mara mbili, au deni la zamani linajitokeza kwenye ankara mpya na anakatiwa maji ilhali stakabadhi anayo mfukoni.

La pili ni mvujo. Pimeni saa saba hadi saa kumi usiku, watu wamelala. Fungeni valvu ya kuingizia, wekeni alama ya kimo cha maji. Tanki la duara la kipenyo cha mita 4 likishuka sentimeta 10, zimetoka lita 1,256 hivi. Usiku unaofuata fungeni na valvu ya kutolea: kimo kikitulia, tanki ni zima, maji yanapotelea njiani (au kuna anayejaza simtanki usiku, si kila upotevu ni bomba kupasuka). Kikiendelea kushuka, tanki lina ufa au valvu ya kuoshea (ya kutolea maji machafu ya tanki) haifungi.

Makaratasi ndiyo yanayochelewesha. Kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde kipo kwa jina la jumuiya, kwa hiyo lazima kihamishwe. LUKU (mita ya umeme) ya pampu vilevile. Ramani ya mabomba tuliyonayo haionyeshi valvu zilizofukiwa wakati wa kuchonga barabara. Fundi wetu anazijua kwa kichwa, na kichwa cha fundi hakikabidhiki. Atembee na mafundi wao, kila chemba ipigwe rangi na kuandikwa.

Bei mpya itaidhinishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ambayo hukusanya kwanza maoni ya wadau. Wanaotegemea vilula (mabomba ya umma) waje kwa wingi, maana mwenye bomba uani hawezi kuwasemea.

Mwenye ankara isiyolingana na malipo yake ailete kwa mhazini pamoja na stakabadhi kabla daftari halijafungwa.