Barua ya wazi kwa vijana mnaokwenda kuhoji kaya kuhusu ukatili wa wenzi

Wanangu,

Salamu nyingi, na poleni na maandalizi. Nawaandikia kabla hamjaingia uwandani, maana hojaji ikishachapwa na kugawiwa, kosa lake halirekebishiki tena. Nyingi huanza na swali la kipigo, yaani nani kampiga nani, kwa kitu gani na mara ngapi katika miezi 12 iliyopita. Swali hilo lazima liwepo, ila mkiliacha peke yake litawapotosha.

Chukueni karatasi mbili. Zote mbili mke amesema alisukumwa mara mbili na kupigwa kofi moja, naye akarudisha kofi. Kwenye kompyuta kaya hizi ni pacha. Sasa geuzeni ukurasa. Kwenye karatasi ya kwanza wawili walikorofishana kwa ajili ya deni, hasira zikapanda, mikono ikatumika, na kesho yake kila mmoja akashika njia yake na kuonana na ndugu zake kama siku zote. Kwenye ya pili mume huchukua simu ya mkewe kila jioni akasoma jumbe zote. Mshahara wa mke anaushika yeye. Akienda kwa mama yake hupangiwa saa ya kurudi, na hata akiugua huomba ruhusa ya kwenda kutibiwa. Kofi ni lile lile, lakini nyumba hizo haziugui ugonjwa mmoja.

Hili lilizua ubishi wa miaka mingi. Mwaka 1979 Murray Straus wa Marekani alichapisha kipimo kinachohesabu matendo ya wenzi wanapogombana: kusukuma, kupiga kofi, kupiga teke na kadhalika. Waliokitumia kwenye kaya za kawaida walikuta wanawake na wanaume wanapigana karibu sawa. Waliowahoji wanawake kwenye makazi salama, yaani nyumba za kuwahifadhi waliokimbia vipigo, na mahakamani walikuta karibu kila mara anayetesa ni mwanamume. Kila upande ukauona mwingine umekosea. Mwaka 1995 Michael Johnson, mwanasosholojia wa huko huko, akaandika kwamba pande zote mbili zinasema kweli, ila zinatazama watu tofauti. Baadaye alirudia kuchambua data zilizokusanywa Pittsburgh, mji wa Marekani, miaka ya 1970. Katika sampuli ya kaya za kawaida, ukatili wa kutawala, yaani wa kumweka mwenzi chini ya amri, ulikuwa asilimia 11 tu ya ukatili wa wanaume. Kwa waliopatikana kupitia mahakama ulikuwa asilimia 68, na kwa waliokimbilia makazi salama asilimia 79. Kwa hiyo kila takwimu mtakayoitoa iambatane na maelezo ya mahali mlipowapata wahojiwa, tena ndani ya sentensi ile ile.

Aina za ukatili wa wenzi alizozitenganisha Johnson ni hizi. Kuna ukatili wa kutawala, ambapo kipigo ni chombo kimoja tu kati ya vingi vya kumweka mwenzi mkononi. Kuna ukatili wa kujikinga, wa yule anayetawaliwa anapogeuka na kupiga. Kuna ukatili wa ugomvi, unaozuka mabishano yanapochemka bila yeyote kutaka kumtawala mwenzake. Huu ndio unaojaa kwenye tafiti za kaya. Ya nne, wawili wanaogombea kutawalana, hukutwa mara chache. Msiite ukatili wa ugomvi kuwa mdogo. Nao huvunja mifupa, nao huua. Aina haipimwi kwa ukubwa wa jeraha, hupimwa kwa kuuliza nani anatawala maisha ya nani.

Basi wekeni maswali ya udhibiti, na myaweke kabla ya maswali ya kipigo. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotoka mwaka 2005, uliowafikia wanawake zaidi ya 24,000 katika nchi 10, ulitumia saba: anamzuia kuonana na marafiki, anambana asiwasiliane na familia yake, anataka kujua yuko wapi kila saa, hamjali, hukasirika akiongea na mwanamume mwingine, anamshuku kila mara kuwa si mwaminifu, anamtaka aombe ruhusa kabla ya kwenda kutibiwa. Mimi ningeongeza la pesa na la simu. Kisha, na hapa wengi huteleza, kila swali liulizwe mara mbili: yeye hukufanyia, na wewe humfanyia. Mkiuliza upande mmoja tu hamtaweza kutenganisha anayejikinga na wanaogombea kutawalana. Wala msitatue hilo kwa kuwahoji wote wawili wa nyumba moja. Mume akiulizwa maswali hayo hayo atajua mkewe aliulizwa nini, na jioni hiyo atataka kujua alijibu nini.

Mpaka wa kusema "huyu anatawaliwa" msiukate kwa kukisia. Tazameni kwanza majibu yamejikusanyaje, ndipo mchague, halafu mrudie uchambuzi kwa mpaka ulio juu kidogo na ulio chini kidogo. Matokeo yakigeuka, semeni wazi kwamba yamegeuka.

Ulizeni pia kuhusu mwenzi waliyeachana. Hojaji inayouliza juu ya mwenzi wa sasa peke yake huwakosa waliokimbia, na waliokimbia ndio wengi wao walikuwa wakitawaliwa. Kuondoka kwenyewe huongeza hatari, kwa sababu mtawala anaona mali yake inapotea.

Kukabwa koo kuwe na swali lake peke yake. Hojaji nyingi hulifunga pamoja na kuchomwa moto, na hapo sikubaliani nazo kabisa. Uchunguzi wa Nancy Glass na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2008, ulikuta mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake uwezekano wake wa kuuawa naye ni zaidi ya mara 7 ya ule wa aliyeteswa bila kukabwa. Mara nyingi kukabwa hakuachi alama shingoni, kwa hiyo mhojaji asipouliza kwa jina lake hataambiwa.

Jambo la ripoti pia. Itasomwa na wasuluhishi, viongozi wa dini na wazee wa ukoo. Waandikieni kwamba kuwakalisha pamoja wenye ukatili wa ugomvi kunaweza kusaidia, wakifundishwa kusimama kabla hasira haijapanda. Penye ukatili wa kutawala kikao hicho ni mtego: mke akisema kweli mbele ya wazee, atailipia usiku, na akinyamaza, kikao kitaandika kwamba wamepatana.

Kuhusu usalama sina mjadala. Kila kaya ahojiwe mwanamke mmoja tu. Mtaani na kwa majirani utafiti uitwe wa afya ya wanawake na maisha ya familia. Mhojiwa mwenyewe aambiwe faraghani maswali yatagusa nini, naye akubali au akatae. Asiwepo mtu mwingine wa kusikia, hata mtoto, isipokuwa aliye chini ya miaka miwili. Orodha ya mahali pa kupata msaada iwe kikaratasi kidogo cha kufichika, chenye huduma nyingine za afya humo humo, na asiyekitaka asishikizwe. Shikeni pia maswali mengine, ya chakula au chanjo za watoto, yakae chini ya hojaji. Mlango ukifunguliwa katikati ya mahojiano, hamieni huko kwa sauti ile ile, bila kushtuka. Asipotoka aliyeingia, malizeni kwa maswali ya chanjo, shukuruni, mwondoke. Pale palipobaki wazi kwenye data paacheni wazi.

Mzee wenu